Majadiliano ya Bei ya Kukodi Ndege: Hesabu na Lugha katika Kiwanja cha Ukunda

Utangulizi

Mkazi wa Pwani ya Kusini hahitaji kufundishwa kupatana bei. Kuanzia soko la Ukunda hadi Shimoni, ambako mashua hukodiwa kwenda Wasini na Kisite, muuzaji hutaja bei ya juu, mnunuzi hutaja ya chini, kisha kauli "bei ni maelewano" huwakutanisha katikati. Je, mbinu hiyo yafaa pale kinachokodiwa kinapokuwa ndege nzima? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haitoshi. Bei ya ndege hupungua hasa kwa kubadilishwa masharti ya safari wala si kwa kubembeleza. Ayajuaye masharti hayo, na aliye na maneno ya kuyataja, ndiye anayepatana kweli.

Viambajengo vya Bei

Msafiri wa ndege ya ratiba hununua kiti. Mkodi hununua muda wa ndege. Kiini cha bei, basi, ni saa za kuruka zikizidishwa kwa kiwango cha saa moja cha aina ya ndege. Juu yake huongezwa ada za kutua na kuegesha, ada za abiria, na malazi ya rubani iwapo ndege italala. Aghalabu bei hutajwa kwa dola za Kimarekani. Kwa hiyo anayelipa kwa shilingi hana budi kukubaliana mapema kuhusu kiwango cha kubadilisha fedha.

Tuchukue mfano. Familia ya watu tisa iliyoko Nairobi inataka kuhudhuria harusi Msambweni siku ya Jumamosi na kurejea Jumapili. Kutoka Wilson hadi Ukunda ni takriban kilomita 450, na ndege ndogo ya rafadha moja huweza kutumia saa moja na nusu hivi. Familia hudhani inalipia safari mbili, yaani saa tatu. Lakini ndege ikiwashusha, ikarudi Wilson tupu, kisha ikaja tena tupu kuwachukua, safari ni nne na saa ni sita. Safari hizo tupu nazo zina mlipaji, naye ni mkodi. Ndege ikilala Ukunda, saa hurudi kuwa tatu, ila huongezeka malazi, maegesho na pengine malipo ya kusubiri. Hapo ndipo penye majadiliano: mkodi aombe hesabu zote mbili kwa maandishi, azilinganishe, ndipo aamue.

Aina ya ndege nayo ina uzito wake. Njia ya kurukia ya Ukunda ni fupi ikilinganishwa na ya Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, na si kila jeti inayoweza kuitumia. Anayeng'ang'ania jeti huenda akalazimika kutua Mombasa, kisha avuke kivuko cha Likoni au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Dakika alizookoa angani huenda akazipoteza ardhini, naye amelipa zaidi.

Maswali Yanayoshusha Bei

Badala ya kusema "punguza kidogo", mkodi hodari huuliza: Je, ipo ndege itakayorudi tupu kutoka Pwani siku hiyo? Tukiondoka asubuhi badala ya jioni, au Ijumaa badala ya Jumamosi, bei itabadilikaje? Je, ndege ndogo zaidi itatutosha pamoja na mizigo yetu? Tukiahirisha safari, tutarudishiwa kiasi gani? Kila swali lampa mwenye ndege sababu ya kupunguza bei bila kujipunja. Wahenga walisema biashara haigombi.

Msamiati wa Majadiliano

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo haya hayawezi kuzungumzwa ila kwa Kiingereza. Historia ya lugha yetu yakanusha dhana hiyo. Nauli ni neno lililotujia kupitia Kiarabu, likitaja malipo ya chombo cha baharini. Rubani alikuwa mwongozaji wa chombo majini kabla ya kupanda angani. Shehena na dalali ni maneno yaliyozoeleka bandarini zamani. Wapwani walijadili ukodishaji wa vyombo kwa Kiswahili kabla ya kuwapo ndege. Palipo na pengo, kama vile katika kutaja safari isiyo na abiria, istilahi nyepesi kama "safari tupu" yatosha, mradi itumiwe kwa uthabiti.

Hitimisho

Lipo jambo moja lisilojadiliwa, nalo ni usalama. Bei iliyo chini mno kuliko nyingine zote huenda ikaashiria ndege isiyoidhinishwa kubeba abiria wa kulipa. Kabla ya kutoa fedha, mkodi aombe kuonyeshwa cheti cha mwendeshaji kitolewacho na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya pamoja na bima ya abiria, hasa anapopitia kwa dalali. Kuuliza si ujinga. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa: mkataba ambao mkodi hauelewi hauwezi kumlinda. Tukiuandika kwa lugha aielewayo, tutakuwa tumempa mizani ya kupimia bei na pia uhai wake.