Samaki wa Miiba Anayefaa Kuliwa

Sisi tunaokaa mbali na bahari huenda hatujaona mwamba wa matumbawe. Vinyama vidogo sana huujenga chini ya maji, na samaki wengi hukulia humo. Mwamba ukifa, samaki hupungua, na mvuvi hukosa chakula cha watoto wake.

Katika bahari ya Karibi, upande wa Marekani, miamba hiyo inasumbuliwa na mgeni aitwaye samaki-simba. Kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana Florida. Yafikiriwa kwamba watu waliomfuga kwa uzuri wake walimtupa baharini. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 2,000,000 kwa mwaka. Samaki wa kule hawamjui wala hawamkimbii, naye huwameza wadogo, pamoja na wale wanaokula majani yanayofunika matumbawe. Wataalamu walioandika habari zake mwaka 2008 waliona huko Bahamas kwamba samaki-simba mmoja katika mwamba mdogo alipunguza ongezeko la samaki wachanga kwa sehemu 79 katika 100, kwa majuma matano tu.

Basi watu wakaanza kumla. Adamu alipewa bustani ailinde. Hawa wanalinda kwa sufuria! Mwaka 2010 kilipigwa chapa hata kitabu cha kumpika. Wazamiaji humchoma kwa mkuki. Nyama yake ni nyeupe na laini, hukaangwa au hutiwa katika mchuzi wa nyanya. Tena ana mapezi na magamba, hata ndugu wanaochagua samaki kwa Torati hawana neno juu yake.

Lakini mpishi aangalie. Miiba yake 18 ina sumu, hata akiwa amekufa. Avae glavu nene, aikate kwanza kwa makasi. Sumu hiyo haimo katika nyama, na moto huivunja. Iko nyingine isiyovunjwa na moto: mahali pengine samaki wa miamba, wa namna nyingi, hubeba sumu inayomfanya mlaji atapike, aharishe na kusikia midomo ikiwasha. Harufu haibadiliki. Kwa hiyo mnunuzi wa huko huuliza samaki alivuliwa wapi.

Habari ya moto yatufaa na sisi, maana wavuvi wetu wa Tanganyika huchomwa na miiba ya kambare. Ukichomwa, usinyonye kidonda, usikichanje, usitie majivu. Toa mwiba unaoonekana, osha, kisha weka mkono katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, karibu digrii 45. Yapime kwa mkono usioumia, usije ukajiunguza. Kaa hivyo nusu saa mpaka saa moja na nusu. Halafu njoo dispensari tukitazame kidonda na kukupa sindano ya tetanosi. Lakini mtu akipumua kwa shida, msingoje maji yapate moto. Mleteni mara moja.