Chipu ya Michoro Inapokumbuka Anwani ya Zamani

Ukinunua kompyuta mpakato ya bei ya kawaida mjini Bukoba ukaipeleka Kashozi, huenda isiwe na kadi ya michoro ya peke yake. Kwa nyingi, chipu ya michoro imo ndani ya prosesa yenyewe na hutumia memori ileile ya programu nyingine. Hapo ndipo kosa dogo la anwani linapokuwa hatari.

Programu haioni memori halisi. Hupewa anwani pepe, na jedwali ndilo linaloonyesha kila anwani iko kwenye ukurasa gani wa memori. Ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Kupekua jedwali kila mara kungechelewesha kazi, kwa hiyo chipu huweka majibu ya karibuni katika kashe ndogo iitwayo TLB. Hufanya kama bodaboda aliyezoea wateja wake: haulizi tena njia. Kibanja kikipata mwenyeji mpya naye asiambiwe, mkungu wa ndizi utashushwa kwa asiyeuagiza.

Januari 2022 kosa la aina hiyo lilitangazwa kwa jina CVE-2022-0330. Draiva ya i915, inayoendesha chipu za michoro za Intel kwenye Linux, ilikuwa ikirudisha kurasa kwa mfumo bila kufuta TLB. Ukurasa ungeweza kupewa programu nyingine huku chipu ingali na njia ya kuufikia.

Kosa hili hunaswaje? Andika 7 kwenye ukurasa wa kwanza na 9 kwenye wa pili. Iache chipu isome 7, ili TLB iikariri njia. Sasa elekeza anwani ileile kwenye ukurasa wa pili, amuru TLB ifutwe, kisha soma tena. Ikitoka 9, salama. Ikitoka 7, kuna kosa.

Ugumu ni muda. TLB ni ndogo: ukisubiri, kazi nyingine huisukuma nje anwani ya zamani, na jaribio hufaulu kwa bahati. Ndiyo maana mzunguko hurudiwa maelfu ya mara bila kupumzika, chipu ikiwa kazini, memori ikikaribia kujaa, na kurasa za ukubwa tofauti zikichanganywa. Jaribio la upole halithibitishi kitu.

Kwa fundi anayeuza mpakato zenye Linux, la kufanya ni moja: asasishe kiini cha mfumo, ambamo draiva hiyo imo, kabla ya kumkabidhi mteja. Kosa hili linaweza kujificha bila kuchafua kioo wala kuzima mashine, hivyo huenda mteja asilileta dukani kulalamika.