TIKITI MAJI KATIKA MSIMU WA KARAFUU

Ndugu Wanachama,

Msimu unapokaribia, kila mwenye shamba hushughulika na magunia, kamba na majamvi ya kuanikia. Kitu kimoja aghlabu husahauliwa, nacho ni maji ya mwilini mwa mchumaji. Mtu aliye juu ya mkarafuu tangu asubuhi hutokwa na jasho jingi. Asiporudisha maji hayo, kichwa humuuma, macho huona kiza na miguu huregea. Aliye chini akishikwa na kizunguzungu huketi kivulini; lakini aliye juu ya mti ambao matawi yake ni mepesi kukatika, ataketi wapi? Kwa hivyo yafaa tulitazame tikiti maji, tunda ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni la kujifurahisha tu.

Katika kila gramu 100 za nyama ya tikiti, kiasi cha gramu 92 ni maji matupu. Zilizobakia ni sukari kiasi cha gramu 6, pamoja na vitamini C, vitamini A kidogo, na madini ya potasiamu ambayo husaidia mishipa na moyo kufanya kazi sawasawa. Wekundu wake hutokana na kitu kiitwacho laikopini, kile kile kilichomo katika tungule. Basi mchumaji alaye vipande viwili vikubwa amekula na kunywa kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, jasho huondoka na chumvi pia, na tikiti halina chumvi ila chembe. Ndiyo maana kulinyunyizia chumvi kidogo na kulikamulia ndimu si ladha tu, bali kuna maana yake. Mwenye maradhi ya shindikizo la damu asiongeze chumvi. Wala tikiti lisichukue mahali pa mtungi wa maji safi shambani. Hayo mawili yaende pamoja.

Mwenye kisukari hakatazwi tikiti, lakini yampasa apime. Nusu kilo ina sukari kiasi cha gramu 30, nayo huingia upesi katika damu. Kipande kidogo kinamtosha. Mwenye maradhi ya figo kwanza amwulize daktari wake, kwa sababu ya ile potasiamu.

Jambo kubwa kuliko yote ni usafi. Kisu kikipita katika ganda lenye udongo huingiza uchafu ndani ya nyama, na tikiti lililokatwa likiachwa juani ni karamu ya nzi. Hatujasahau kipindupindu kilichotusumbua Unguja na Pemba mwaka 2015 na 2016. Basi lichukueni tikiti zima mpaka shambani, lioshwe kwa maji safi, mikono ioshwe kwa sabuni, likatwe hapo hapo na liliwe likaishe. Kipande kilichokwisha katwa kando ya njia kiacheni.

Katika kuchagua, tazameni lile doa la chini lililolalia ardhi: likiwa la manjano, tikiti limeiva, likiwa jeupe, bado. Liwe zito kwa ukubwa wake, na likigongwa litoe sauti nzito.

Njia za kulila ni nyingi. Imepokewa katika Hadithi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbichi, ubaridi wa moja ukituliza joto la jingine. Kwa futari, lisageni mfanye sharubati kwa ndimu na tangawizi, bila ya kuongeza sukari. Ile sehemu nyeupe iliyo chini ya ganda isitupwe: ikikatwa vipande hupikwa mchuzi wa nazi kama mumunye, au hutiwa katika achari. Mbegu zioshwe, zianikwe, kisha zikaangwe kwa chumvi. Zina mafuta mengi na kadiri ya robo yake ni protini. Maganda yaliyobakia ni chakula cha mbuzi.

Gharama ya matikiti mawili kwa siku ya kuchuma si kitu mbele ya mguu uliovunjika. Mwenye shamba anayehesabu pishi za karafuu jioni, na ahesabu pia kwamba watu wote waliopanda miti asubuhi wameshuka salama.

Wenu,
Katibu wa Chama