Mbao za ukutani Moshono: wateja huja na mvua

WAFANYABIASHARA wa mbao wa Arusha wanaofikiria kuingia katika soko la kupamba kuta za ndani kwa mbao wana jambo moja la kuangalia kabla ya bei, nalo ni kalenda. Moshono na kata jirani za mashariki ya jiji, kazi hii huja kwa misimu miwili, na yote miwili ni ya mvua.

Msimu wa kwanza ni Aprili na Mei. Wenye hoteli ndogo, kambi na nyumba za kulaza watalii hufanya ukarabati wakati wa masika, wageni wanapokuwa wachache, ili wawe tayari ifikapo Juni. Msimu wa pili ni Novemba hadi katikati ya Desemba, wakati wa vuli. Hapo ni wenye nyumba za kuishi wanaotaka sebule ikamilike kabla ndugu hawajarudi nyumbani kwa Krismasi.

Muuzaji anayengoja oda ndipo akanunue mzigo hujikuta akimpelekea mteja mbao iliyopasuliwa wiki tatu zilizopita. Mbao hiyo ikiwekwa kwenye kenchi za paa haina tatizo kubwa, kwa kuwa haionekani. Ukutani ni habari nyingine.

Mbao huanza kusinyaa pale unyevu wake unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito mkavu. Kwa matumizi ya ndani ya nyumba Arusha, lengo la asilimia 12 linafaa. Kati ya viwango hivyo viwili, bodi ya paini ya inchi 6 iliyopasuliwa kwa namna ya kawaida inaweza kupungua milimita 5 za upana, wakati mwingine zaidi. Zile mbao za kushikana, zenye ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, mara nyingi huwa na ulimi wa milimita 6 hadi 8 tu. Kwa hiyo ukuta uliofungwa Mei ukapendeza na kusifiwa, ifikapo Oktoba ndimi zote ziko nje na plasta inachungulia. Fundi huitwa, naye hana dawa isipokuwa kung'oa na kuanza upya, na gharama humrudia aliyeuza mbao.

Hesabu ya muda basi ni hii. Bodi za paini za inchi 1, zikipangwa juu ya vijiti vya kuzitenganisha, chini ya paa na pande zikiwa wazi kwa upepo, huweza kukauka vya kutosha kwa miezi miwili au mitatu ya kiangazi. Wakati wa masika muda huo hurefuka sana. Mzigo wa kuuza Aprili unapaswa kuwa bandani ifikapo mwisho wa Desemba, na wa Novemba ufike Agosti. Ugumu ni kwamba Januari ni mwezi wa ada za shule, na mfanyabiashara mdogo anatakiwa wakati huohuo awe amelaza fedha zake katika rundo la mbao lisilouzika kwa wiki kumi. Wengi hawawezi. Ndiyo maana mbao kavu ni adimu mwezi Aprili, na ndiyo maana mwenye nayo anaweza kuiuza kwa bei tofauti na ya jirani yake.

Ukavu haupimwi kwa kubisha mbao na kusikiliza mlio, ingawa mafundi wazee wana masikio mazuri. Kipo kifaa kidogo cha kupima unyevu chenye sindano mbili. Asiye nacho atumie mizani ya duka: akate kipande katikati ya bodi, si mwishoni, akipime, kisha akikaushe katika oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Kipande cha gramu 230 kikibaki gramu 200, maji yalikuwa gramu 30, yaani asilimia 15. Mzigo huo bado kidogo.

Eneo la pili linalomeza faida ni vipimo. Chukua ukuta wa sebule wenye upana wa futi 12 na kimo cha futi 8. Kimo hicho ni inchi 96, na anayegawanya kwa inchi 6 hupata bodi 16 za futi 12, akaandika bei hapohapo mbele ya mteja. Lakini bodi ya inchi 6 ikisharandwa na kukatwa ulimi hufunika inchi 5 hivi tu. Zinahitajika bodi 20, na ukiongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea, 22. Tofauti ya bodi 6 hutoka mfukoni mwa aliyeandika bei. Bodi moja ya moja kwa sita yenye urefu wa futi 12 ni nusu futi ya ujazo, hivyo mita moja ya ujazo hutoa bodi zipatazo 70, kiasi cha kuta tatu za namna hiyo.

Kuhusu aina, wanunuzi wengi huanza kwa kutaja mninga, na wana sababu, kwani husinyaa kidogo sana kuliko mbao nyingi na rangi yake haihitaji kusaidiwa. Lakini hutoka mbali, Tabora na Katavi, na bei yake hubeba safari hiyo. Msaji wa mashamba ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, nao ni mzuri. Paini na saiprasi hupatikana karibu, katika mashamba ya serikali ya Meru na Kilimanjaro Magharibi.

Mbao inayostahili kuangaliwa zaidi na mwenye mtaji mdogo ni grevilea. Mti huu wenye asili ya Australia umejaa katika mashamba ya kahawa na migomba kwenye miteremko ya Meru, ulipopandwa kwa ajili ya kivuli, na wengi huuona kama kuni. Gogo lake likipasuliwa kwa kuelekea kiini, mbao hutoka na madoa ya kung'aa yanayofanana na ya mwaloni wa Ulaya. Likipasuliwa ovyo, madoa hayo hayaonekani na thamani yake hubaki ya kuni. Tofauti yote iko kwa mwenye msumeno. Mtarakwa wenye harufu nzuri hupendwa pia, lakini huo ni mti wa asili, na sehemu kubwa ya msitu wa Meru ni hifadhi. Anayeuuza bila karatasi asipewe fedha. Kwa mzigo wowote, hati ya kusafirishia mazao ya misitu ni lazima.

Mbao za kijani zilizotiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki zibaki kwenye nguzo na uzio. Marekani iliacha kuzitumia katika kazi nyingi za makazi tangu mwisho wa mwaka 2003, na machujo yake hayafai kuchomwa jikoni. Kwa kuta za ndani, dawa ya boroni hutosha kuzuia wadudu.

Ufungaji wenyewe hauna siri kubwa. Plasta mpya iachwe ikauke kwa mwezi au zaidi, papi zifungwe kwanza kwa skrubu ili hewa ipite nyuma ya mbao, na soketi za umeme zivutwe mbele badala ya kufichwa. Chini, mbao zikome inchi 4 juu ya sakafu na nafasi hiyo iwekwe vigae, la sivyo maji ya deki yataozesha ncha zake.

Mshindani ni paneli za plastiki kutoka China. Hazisinyai, haziliwi na mchwa na hufungwa kwa siku moja. Kwa nyumba ya kupangisha, mwenye nyumba anayezichagua hajakosea. Haziwezi, hata hivyo, kupigwa msasa na vanishi upya baada ya miaka kumi, na joto la jiko huzipinda.

Mteja anayesitasita kwa sababu ya gharama huuziwa nusu ukuta: mbao za kusimama hadi kimo cha futi 4, juu yake rangi. Kazi hiyo haihitaji bodi ndefu. Inakula vipande vya futi 4, vile ambavyo wajenzi wa mapaa huvikata na kuviacha, na ambavyo katika yadi nyingi huuzwa kwa fungu.