Nasaba ya Idadi Yetu

Mtu apitaye kando ya majaruba ya Bonde la Kilombero, karibu na mji wa Ifakara, wakati wa kupandikiza mpunga, huweza kumwona mkulima akinyoosha kamba ili miche yake isimame kwa safu zilizo sawa. Na ingawa fikira za mkulima huyo zi katika palizi na mavuno, kamba yake yatosha kutufunulia elimu kongwe ya hesabu. Miche 12 hupangika safu 3 za miche minne minne, au safu 2 za miche sita sita. Lakini ongeza mche mmoja tu, iwe 13, hapo hutapata mpango ulio kamili ila kuisimamisha yote katika mstari mmoja. Namba ya namna hiyo, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa nafsi yake, walimu wetu huiita namba tasa.

Jina hilo mimi siliafiki. Shufwa na witiri ni majina yenye insafu. Lakini kuziita tasa namba ambazo ndizo zilizozaa namba nyingine zote ni kuwadhulumu wazazi mbele ya watoto wao. Itazame idadi ya watu wa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022, ambamo wakazi wa Ifakara wamo: 61,741,120. Igawanye kwa 2 mara sita, kisha kwa 5, kwa 7 na kwa 43, utabakiwa na 641, nayo haikubali tena kugawanywa. Hiyo ndiyo nasaba yake, wala hakuna jamii nyingine ya namba tasa iwezayo kuizaa.

Nayo 641 ina sifa zake. Katika karne ya 17 Mfaransa Pierre de Fermat alidhani kwamba 4,294,967,297, ipatikanayo kwa kuzidisha mbili thelathini na mbili zenyewe kwa zenyewe, kisha kuongeza 1, ni tasa, kwa kuwa ndugu zake wadogo, 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417. Na msomaji mwenye shaka na achukue kalamu, azidishe.

Kwamba namba hiyohiyo imo katika sensa yetu ni sadfa tupu. Lau mtoto mmoja zaidi angalizaliwa Ifakara kabla ya saa sita ya usiku wa kuamkia 23 Agosti, akahesabiwa, idadi ingalikuwa 61,741,121, na katika wazazi wale, 2, 5, 7, 43 na 641, asingalibaki hata mmoja. Kwa maana namba mbili zifuatanazo hazina kigawo cha shirika ila 1.