Hamira na Sumu ya Koboko

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mliolala bweni langu, nadhani hamjamsahau mwenzetu aliyeumwa na moma tulipokuwa tukifyeka nyasi nyuma ya jiko. Alifikishwa hospitali jioni, akaambiwa dawa ya sumu imekwisha. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa. Siku hizi kazi yangu ni katika maabara inayofuga hamira, na nimeona heri niwaeleze jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana.

Dawa tuliyoikosa siku ile kwa kawaida hutokana na damu ya farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ufanye kingamwili, yaani protini za kuikamata sumu ile. Dawa hiyo imeokoa watu wengi, wala sipendi mtu aidharau. Lakini mwili wa binadamu huweza kuikataa protini ya mnyama, mgonjwa akapata taabu nyingine juu ya ile ya kwanza. Basi wataalamu wakatafuta njia ya kupata kingamwili za kibinadamu bila kumdunga mtu sumu.

Hapo ndipo inapoingia hamira, hii hii ya mkate. Hamira ni chembe hai, kila moja inajitegemea. Zina jinsi mbili, na zinapotaka kuungana hushikana kwa protini zilizo juu ya kuta zao. Protini iitwayo Aga1 imejikita ukutani, na Aga2 imefungwa juu yake. Mwaka 1997 Eric Boder na Dane Wittrup, wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, walionyesha kwamba jeni ya protini uitakayo ikiungwa na jeni ya Aga2, hamira huitengeneza protini hiyo na kuitundika nje, makumi elfu juu ya chembe moja.

Faida yake ni nini? Fikirini mtaa wenye maduka mengi. Kila duka limetundika bidhaa yake mlangoni, na ndani limeweka kitabu cha kuifundisha kazi ya kuitengeneza. Ukiipenda bidhaa, unalichukua duka zima, na kitabu umekwisha kukipata. Ndivyo ilivyo hapa: kingamwili iko nje, jeni yake imo ndani.

Basi hutengenezwa hamira nyingi mno, kila moja na kingamwili yake. Sumu hutiwa rangi ing'aayo, ikachanganywa nazo. Kisha chembe hupita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na mashine huzitenga zile zinazong'aa, kwa kuwa ndizo zilizoishika sumu. Hizo hukuzwa tena na kupepetwa tena, kama mchele, mara kadhaa. (Hamira zetu hazitundiki kitu mpaka zilishwe sukari ya galaktosi. Mimi niliwahi kuzipa glukosi tupu, nikapoteza juma zima nikitazama chembe zisizong'aa, na mkuu wangu hakucheka.)

Mwaka 2024 wataalamu wa taasisi ya Scripps, huko Marekani, walitangaza kwamba katika kupepeta kingamwili za namna hii zaidi ya bilioni 50, walipata moja waliyoiita 95Mat5. Hiyo huizuia sumu inayofunga njia kati ya neva na misuli, ile inayomfanya mtu ashindwe kuvuta pumzi. Panya waliopewa walinusurika na sumu ya koboko, na hata ya fira mkubwa wa Asia.

Walioijaribu ni panya tu, si watu. Tena haifai kwa sumu ya moma, ambayo huharibu nyama na damu kwa njia nyingine kabisa. Mwenzetu hulipokea gazeti hili, na najua ataniuliza neno hilo kwanza. Ndugu yangu, kwa moma tungali tunawategemea farasi.