Magadi jikoni, sodiamu daftarini: Mzazi asiyejua kemia anaweza kusaidia

Jumapili usiku binti yangu aliyeingia kidato cha tatu alinisogezea daftari la kemia nikiwa nachagua mchele. "Mama, nataka kuacha kemia."

Swali lililomfikisha hapo lilikuwa moja. Gramu 8.4 za sodiamu baikaboneti zimepashwa moto mpaka zikavunjika zote. Je, sodiamu kaboneti itakayobaki ni gramu ngapi? Yeye aliandika 10.6. Mwalimu alikata kwa wino mwekundu, hakuandika kingine.

Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, sikuwa na jibu la kumpa. Ila ile namba ilinishangaza kama ambavyo ingemshangaza yeyote anayepika. Nikamuuliza: "Umeweka gramu nane na kidogo motoni, mvuke umetoka, gesi imetoka, halafu kilichobaki kimeongezeka?"

Akalirudia daftari. Akacheka kidogo, kisha akanuna, maana alikuwa amefuata hatua zote.

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye kazi yetu. Mtoto akishika kanuni huacha kutazama kama jibu linawezekana. Wewe usiyejua kanuni ndiye unayeweza kuuliza swali la kijinga, na swali la kijinga ndilo lililotakiwa usiku ule.

Tulianza upya kwenye mlinganyo wenyewe:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Nilimwomba anieleze ile 2 ya mwanzo inafanya nini. Hakuwa na hakika. Alizoea kuiweka kwa sababu ubaoni ilikuwepo. Basi tukahesabu. Kaboneti moja ina sodiamu mbili, baikaboneti moja ina sodiamu moja tu. Ni kama ndala: huwezi kupata jozi kwa ndala moja. Kwa hiyo baikaboneti mbili ndizo zinazotoa kaboneti moja.

Baada ya hapo aliendelea mwenyewe, mimi nikashika kikokotoo cha simu. Moli moja ya baikaboneti ni gramu 84, yaani sodiamu 23, haidrojeni 1, kaboni 12 na oksijeni tatu zenye jumla ya 48. Gramu 8.4 ni moli 0.1. Kaboneti ni nusu yake, moli 0.05. Moli moja ya kaboneti ni gramu 106, hivyo jibu ni gramu 5.3.

Kosa lake lilikuwa hiyo nusu tu. Alizidisha 0.1 kwa 106 akapata 10.6.

Sikumwachia hapo. Nilitaka kujua gramu nyingine zimekwenda wapi. Akapiga hesabu: maji gramu 0.9, gesi ya kaboni dayoksaidi gramu 2.2. Ukijumlisha 5.3, 0.9 na 2.2 unapata 8.4, kama tulivyoweka. Hiyo hesabu ya kurudi nyuma haichukui hata dakika mbili, na kwenye mtihani mtoto anaweza kuifanya pembeni ya karatasi.

Tatizo jingine nililoliona usiku ule ni majina. Mtoto anayetumwa dukani kununua magadi ya makande tangu akiwa darasa la pili hajui kwamba anachokibeba ni hiyo sodiamu kaboneti iliyochanganyika na baikaboneti na maji. Magadi hayo hutokea Ziwa Natron kwetu na Ziwa Magadi huko Kenya. Hata alama ya sodiamu, Na, inayowachanganya watoto wengi, inatoka kwenye jina natrium, lenye asili moja na jina la Ziwa Natron. Nilipomwambia hivyo aliniangalia kama nimemficha kitu miaka yote.

Tukaenda jikoni. Chumvi ni sodiamu kloraidi. Bekingi soda ndiyo baikaboneti ya kwenye swali. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ina sodiamu haipokloraiti. Kostiki soda ya kutengenezea sabuni ni sodiamu haidroksaidi.

Jaribio lililo salama ni hili: bekingi soda nusu kijiko kwenye glasi iliyo wazi, kisha kamulia limau. Mapovu yanayopanda ni kaboni dayoksaidi ileile ya kwenye mlinganyo. Msifanyie kwenye chupa iliyofungwa, itapasuka.

Hizo nyingine mbili si za kuchezea. Dawa ya kung'arisha nguo ikikutana na asidi, iwe siki, limau au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Kostiki nayo huunguza ngozi na macho. Anayetengeneza sabuni avae glavu na miwani, na siku zote aweke kostiki kwenye maji kidogokidogo, asimwagie maji juu ya kostiki, maana hupata moto mkali na kuruka. Ikimgusa mtu, oshea maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Mtoto akiimeza, usimtapishe. Msukutue mdomo na mkimbize hospitali.

Hatari kubwa zaidi ni ile chupa ya soda au ya maji tunayomiminia kostiki iliyoyeyushwa "kwa muda tu". Mtoto wa miaka mitatu akiiona anaona kinywaji.

Kuacha kemia hakujazungumzwa tena, angalau wiki hii. Kopo letu la kostiki limehamia kwenye kabati la juu lenye kufuli. Limeandikwa NaOH kwa kalamu nene, na chini yake HATARI. Mwandiko ni wake.